Gécamines bila kimstari

Likasi, Jumamosi, 3 Februari 2024

Mji umelala mpaka saa hizi. Jana usiku Léopards, timu yetu ya taifa ya Kongo, wamewapiga Guinea 3-1 kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika na kelele ziliendelea hadi alfajiri. Dukani hakuna simu ya kutengeneza, basi naandika.

Kijana wa teksi-moto anayeegesha mbele yetu kanionyesha kasoro. Kwenye programu ya ramani, ukiandika "gecamines", jibu ni hakuna kitu. Weka kimstari juu ya e, "Gécamines", na majengo ya kampuni hiyo ya madini yanatokea, kuanzia Shituru hadi Panda. "Yaya, nani ana muda wa kimstari na mteja kashapanda?" Ana haki. Huku kwetu majina mengi ya barabara, shule na zahanati ni ya Kifaransa, na watu wanaandika kwa kidole kimoja.

Programu ni huria na data zake ni za OpenStreetMap. Mradi wa Missing Maps ulipoanza mwaka 2014, Lubumbashi ulikuwa kati ya miji ya kwanza kuchorwa, na tangu hapo vijana wengi wa Katanga wamejua kuchora mitaa. Wanaofungua msimbo wenyewe ni wachache mno. Nitafungua.

Jumatano, 7 Februari

Kazi ya kwanza ni kushusha msimbo, na hapo ndipo pesa inapokwenda. `git clone` inaleta historia yote ya mradi, kila badiliko tangu siku ya kwanza, na mtandao ukikatika katikati haiendelei ilipoachia: inaanza upya. Megabaiti ulizokwisha kulipia zimepotea. Nimeongeza `--depth 1`, ikaleta hali ya leo tu bila historia. Imeshuka yote kabla kifurushi hakijaisha.

Usiku: Côte d'Ivoire 1, sisi 0. Wachezaji wetu waliziba midomo kwa mkono wakati wa wimbo wa taifa, kwa ajili ya watu wa Mashariki ya Kongo walio vitani. Leo sitaki kuona msimbo.

Jumapili, 11 Februari

Delestaji, yaani umeme umekatwa kwa zamu, tangu asubuhi. Betri ya laptopu inatosha. Linus Torvalds aliiandika Git, chombo cha kutunza historia ya msimbo, mwaka 2005 kwa ajili ya watengenezaji wa Linux waliotawanyika duniani, kila mmoja na nakala yake, kwa hiyo unaweza kurekebisha na kuweka kumbukumbu ya kila hatua bila mtandao wowote, ukatuma baadaye. Kwa mji unaotegemea umeme wa SNEL hii ni neema.

Kasoro nimeikuta. Kwa kompyuta, é si e yenye pambo. Ni herufi nyingine kabisa, U+00E9. Lakini Unicode inakubali pia kuiandika kwa vipande viwili: e ya kawaida, kisha kimstari peke yake, U+0301. Dawa ni kutenganisha vipande, kutupa vimstari, ndipo ulinganishe. Java, lugha iliyoandikiwa programu hii, inayo kazi hiyo tayari, inaitwa Normalizer. Mistari michache tu!

Kuijenga programu nzima kwangu haiwezekani, maktaba zake ni gigabaiti. Nimejaribu kipande hicho peke yake. Kingine chote kitajengwa na seva za mradi nikishatuma ombi la kuunganisha.

Alhamisi, 22 Februari

Jibu limekuja, fupi, bila salamu. Mtunzaji wa mradi anauliza: na Wasweden? Kwao å ni herufi kamili, ina nafasi yake mwishoni mwa alfabeti, si a iliyovaa kofia. Na ł ya Kipoland haigawanyiki kabisa. Tena anataka majaribio ya kuthibitisha.

Salamu ingemgharimu nini? Ila swali ni zuri. Nimepanga hivi: majina yanayolingana herufi kwa herufi yatangulie, yanayolingana bila alama yafuate chini yao, na jina linaloonekana kwenye ramani lisiguswe. Kisha majaribio: Gécamines, Malmö, Łódź. Hilo la mwisho limenila jioni nzima, kwa sababu ó na ź zinakubali kugawanyika lakini Ł inakataa, ikabidi niiwekee jedwali lake. Mama kaniita mara mbili bukari inapoa, na mimi nahangaika na mji wa Poland.

Jumamosi, 2 Machi

Wameunganisha. Itatoka kwenye toleo lijalo. Kijana wa teksi-moto kauliza kama nimelipwa. Nikamwambia hapana, akacheka sana.

Leo nimetuma ombi la pili. Halina msimbo hata kidogo: ni mistari miwili kwenye maelekezo ya wageni, inayoeleza jinsi ya kushusha bila historia, na ukubwa wa kila kitu kabla mtu hajaanza kununua megabaiti. Kwa watu wa huku, naona lina faida kuliko la kwanza.