Kihesa: treni iliyoanzia kwenye basi

Iringa haina reli, lakini wazee wa Kihesa wana kumbukumbu za treni. Enzi za reli ya Afrika Mashariki, safari ilianza kwa basi la reli, likishika barabara ya Dodoma kupitia Mtera. Huko abiria alipanda treni ya Reli ya Kati kwenda Dar es Salaam, Tabora au Kigoma. Aliyefiwa Kigoma aliweza kufika matanga yameshaanuliwa.

Mwaka 1975 ujenzi wa TAZARA ulikamilika, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Nayo ikaiacha Iringa pembeni, ikapita Mlimba, Makambako na Mbeya. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika.

Wajukuu, waulizeni babu na bibi wangali hai: ukoo wenu ulitawanyikia stesheni zipi?