Mwalimu Asiyeshika Chaki

Maji ya Ziwa Tanganyika yana mlango mmoja tu wa kutokea, nao uko ng'ambo ya pili, karibu na mji wa Kalemie. Hapo huanza Mto Lukuga, ambao huingia Lualaba, na Lualaba hupita Kindu. Kwa hiyo maji tunayooga hapa Mwamgongo huenda yakafika siku moja katika mji aliozaliwa Ramazani Mtoro Ongala mwaka 1947. Yeye alifuata njia ya kinyume: alitoka huko akaja kwetu, na Watanzania wakamjua kwa jina la Dokta Remmy.

Aliingia Dar es Salaam mwaka 1978 kupiga muziki na Orchestra Makassy, kisha akaongoza Super Matimila. Mwaka 1989 santuri yake ilitolewa Uingereza na kampuni ya Real World, na jina lake la Kiingereza lilikuwa na maana ya nyimbo kwa ajili ya maskini. Jina hilo lilimstahili. Wanamuziki wengi wa zama zake waliimba mapenzi, na wengine walisifu viongozi. Remmy naye alipenda kuimba juu ya mtu asiye na kitu, na juu ya kifo, ambacho hakichagui tajiri wala fukara.

Chuoni tulifunzwa kwamba mwalimu mzuri huanza na kile mwanafunzi anachokijua, ndipo ampeleke kwa asichokijua. Remmy hakupita chuo chetu, lakini kanuni hiyo aliishika kuliko wengi wenye vyeti. Mfano wake mkubwa ni wimbo "Mambo kwa Soksi". Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Miaka ilipita, watu wanazikwa, na sisi matangani tunaambiana kwa sauti ya chini kwamba marehemu aliugua muda mrefu. Remmy alichukua neno la kila siku, soksi, akalifanya jina la kondomu, akawaambia watu wajikinge. Redio ya Taifa haikuupiga wimbo huo. Watu waliujua hata hivyo, kwa kaseti na kwa kuimbiana.

Niliwasikia wazee wenzangu wakilalamika, nami sikuwadharau. Haya nayo ni mwalimu; imelea watoto wengi katika vijiji hivi. Lakini haya ina mahali pake. Katika mwambao wetu kijana huacha shule akafuata dagaa. Huhama mwalo hadi mwalo, mwezi ukiwa gizani anavua, mfukoni ana fedha, na nyumbani ni mbali. Kijana wa namna hiyo hawezi kuokolewa na fumbo asiloweza kulifumbua. Nimesimama kaburini kwa vijana niliowafundisha kusoma na kuandika, na kila mara nimewaza kuwa walijua majina ya mito ya dunia, ila neno moja la kuwaponya lilionekana kuwa ni matusi.

Jambo la pili linalonisumbua ni malipo. Zamani zile vyombo vya bendi kwa kawaida vilikuwa mali ya tajiri au shirika. Mwanamuziki aliimba, akarekodiwa, wimbo ukachezwa nchi nzima, naye akabaki akitegemea ujira wa jukwaani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilipitishwa mwaka 1999, wakati watunzi wengi wakubwa walikuwa wamekwisha kufa au kuchoka. Tunamwita mtunzi mwalimu wa jamii, lakini mwalimu wa shule, hata akilalamikia mshahara, angalau anao.

Siku za mwisho Remmy aliugua, akaokoka, akaimba nyimbo za Injili. Alifariki tarehe 13 Desemba 2010. Huko Sinza, Dar es Salaam, kituo cha daladala kiliitwa kwa Remmy. Hakuna kamati iliyokaa kumtunukia. Ni abiria na makondakta waliokubaliana kwa midomo yao.

Ndugu msomaji, sisi walimu hupenda kuhesabu wanafunzi waliofaulu. Remmy hakuwa na rejista. Hatutajua kamwe ni vijana wangapi walioucheka wimbo wake, kisha wakaukumbuka usiku mmoja wakiwa peke yao na uamuzi wao, wakaishi. Hata kama ni mmoja tu, na akiwa mtoto wa mwalo wowote wa ziwa hili, mimi namhesabu Remmy kuwa mwalimu mwenzangu.