Gari Linalovuta Kushoto: Barua kwa Mpwa Wangu wa Chogoria

Makutano, Meru

Mpwa wangu mpendwa,

Nyanya yako anauliza utakuja lini.

Mama yako amenieleza habari za Land Rover yako, ile Defender. Anasema tangu uifunge springi ndefu zilizoiinua inchi 2, inavuta kushoto. Umeipeleka ikapimwa magurudumu, umelipa, na bado inavuta. Sasa unataka kuirudisha ipimwe tena. Ngoja kwanza. Pesa hizo zitakufaa kwingine.

Kwenye Defender, kupima magurudumu hakuondoi kuvuta. Ekseli yako ya mbele ni chuma kimoja kigumu, na tairi mbili za mbele zimeunganishwa na tairodi moja. Anayepima ana kitu kimoja tu cha kurekebisha: urefu wa tairodi hiyo, yaani kama tairi zinaelekeana au zinaachana kwa mbele. Kipimo hicho kikikosewa, tairi zitalika kingo na usukani hautatulia, lakini gari halitashika upande mmoja, kwa maana likishaanza kwenda tairi mbili hugawana kosa hilo sawasawa. Gari huvuta kwa sababu kuna kitu upande wa kushoto kisichofanana na mwenzake wa kulia. Tafuta tofauti hiyo, ukianza na isiyogharimu kitu.

Hakikisha kwanza unachokiona ni kuvuta, si kuyumba. Gari linalovuta, ukilegeza mikono, huenda upande uleule kila mara. Linaloyumba huenda huku na huku, ukawa unalirudisha njiani muda wote, na ukitoka kwenye kona usukani haurudi wenyewe. Magari yaliyoinuliwa huwa na kasoro zote mbili, na kila moja ina chanzo chake.

Mahali pa kulijaribu pia ni muhimu. Lami zetu zina mgongo katikati ili maji yashuke pembeni, na sisi huendesha kushoto, kwa hiyo hata gari zima huelekea kushoto kidogo. Tafuta uwanja mpana ulio tambarare, upite kwenda na kurudi polepole. Likivuta kushoto kote kuwili, basi kasoro ni ya gari.

Kisha uangalie linavuta lini. Likivuta unapokanyaga breki, shughulika na breki kabla ya kitu kingine chochote. Endesha mwendo mrefu bila kuzitumia sana, usimame, uweke kiganja karibu na kila rimu. Rimu yenye moto kuliko mwenzake, breki yake inashika bila kuachia: pistoni imekwama, au mpira wa breki umevimba ndani na hauruhusu mafuta kurudi. Springi ndefu nazo huivuta mipira hiyo. Ekseli ikining'inia, tazama kama mpira bado una nafasi au umekazika kama kamba ya kuanikia nguo. Uliokazika ubadilishe kwa mrefu siku hiyohiyo. Daraja la Nithi liko jirani yako, na unakumbuka tarehe 24 Julai 2022, basi lililotoka Meru kuelekea Mombasa lilipotumbukia pale na watu zaidi ya 30 wakafa. Ukiteremka pale na breki zisizolingana, usukani utakutoka mikononi wakati unapouhitaji kabisa. Gari la namna hiyo halifai kubeba mtu.

Likivuta upande mmoja unapokanyaga mafuta, na upande wa pili unapoyaachia, usihangaike na mbele. Tazama bushi za mikono inayoshika ekseli ya nyuma. Zikiisha, ekseli ya nyuma inajigeuza na kuliongoza gari.

Likivuta muda wote, anza na tairi. Najua ukipandisha wageni kwenye geti la Chogoria la kupandia mlimani, huko juu karibu mita 2,950, mvua ikinyesha unapunguza upepo ili tairi zishike tope la msituni. Ni sawa, ila upepo urudi kabla hujashika lami, na upimwe kwa geji asubuhi tairi zikiwa baridi. Usipime kwa teke. Tairi yenye upepo mdogo huvuta gari upande wake. Upepo ukiwa sawa na bado linavuta, badilisha tairi za mbele: ya kushoto iende kulia, ya kulia ije kushoto. Kuvuta kukihamia kulia, umempata mkosaji, nayo ni tairi. Kukibaki kushoto, tairi hazina hatia.

Sasa ingia chini. Weka vigingi nyuma ya magurudumu na stendi za chuma chini ya chasi. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Inua gurudumu moja moja, ulishike juu na chini ulitikise, kisha kushoto na kulia. Likicheza juu na chini, ni beringi za gurudumu au zile ambazo gurudumu hupindia. Baadaye lishushe, mwenzako aketi akizungusha usukani kidogo huku na huku, wewe ukiwa umeweka vidole kwenye kila kiungo: miisho ya tairodi, fimbo inayotoka kwenye boksi la usukani, na bushi za fimbo ya Panhard, ile inayozuia ekseli isiende kando. Chuma kikitangulia na mwenzake akachelewa, kidole kitakuambia kabla ya jicho.

Pima pia urefu kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, kushoto na kulia, gari likiwa mahali sawa. Springi mpya haimaanishi springi zinazolingana.

Ukimaliza hayo ndipo uiulize ile kazi ya kuinua. Uma wa baiskeli umelala, ncha ya juu ikiwa nyuma, na ndio maana mtu huweza kuachilia mikono na baiskeli ikaenda moja kwa moja. Ekseli ya Defender nayo imelazwa hivyo, digrii 3. Chasi ikiinuka, mikono ya mbele huizungusha ekseli na ncha ya juu husogea mbele. Kila inchi hula karibu digrii moja au zaidi. Mlalo ukipungua pande zote mbili, gari huyumba na usukani haurudi. Dawa yake ni mikono iliyopindwa kwa kazi hiyo, au bushi zenye tundu lililo kando ya katikati. Hapa ndipo nakushuku, kwa sababu bushi hizo nasikia umeshafungiwa. Moja ikiingizwa kinyume, pande mbili zinashindana, ekseli inasokotwa, na gari linavuta upande wenye mlalo mdogo. Zitazame alama zake: lazima zielekee mahali pamoja, kushoto na kulia.

Fimbo ya Panhard nayo, kwa kuwa urefu wake haubadiliki, gari likiinuka huisogeza ekseli kando kidogo, na usukani hukaa umepinda ukienda moja kwa moja. Fundi akikuambia atauchomoa usukani na kuurudisha ukiwa umenyooka, mkatalie. Boksi la usukani lina katikati yake, ambapo meno yamekazwa vizuri. Ukiuhamisha usukani peke yake, utakuwa unaendesha nje ya katikati hiyo, na usukani utacheza. Rekebisha urefu wa ile fimbo inayotoka kwenye boksi, boksi likiwa katikati na tairi zikitazama mbele.

Mwisho kabisa ndipo upime magurudumu, na unaweza kujipimia. Inua kila gurudumu la mbele, lizungushe huku umeegemeza msumari kwenye tairi mpaka mstari uzunguke wote. Shusha gari, lisukume mbele kidogo, upime kutoka mstari hadi mstari kwa mbele, kisha kwa nyuma, usawa wa katikati ya gurudumu. Magari mengi hutaka mbele pawe padogo. Defender hutaka tairi ziwe sambamba au mbele pazidi kidogo, milimita 0 hadi 2, kwa kuwa magurudumu ya mbele huvuta gari wakati wote na yakivuta hujibana ndani. Mwambie hivyo yeyote atakayekupimia, maana wengi huzibana kwa mazoea.

Wageni wa mlimani huja kwa wingi Januari na Februari, na najua unaogopa kukosa kazi. Azima gari lingine siku hizo kuliko kupandisha watu kwenye hili likiwa hivi. Wakishapanda, maisha yao yako mikononi mwako. Ukimaliza, njoo nalo hapa Makutano, twende mpaka Nkubu na kurudi. Mimi nitakuwa abiria wako wa kwanza.

Ni mimi mjomba wako.