Mraba na Mstatili

Mwaka 1988 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi huku Kamanga, ng'ambo ya pili ya maji ukivuka kutoka Mwanza mjini. Kupiga picha nilikuzoea tangu chuo cha ualimu, na nilikuwa na Yashica ya kutumia filamu namba 120.

Filamu hiyo ina upana wa kama sentimita 6, lakini idadi ya picha hutegemea kamera. Ya 6 kwa 9 hutoa picha 8. Ya 6 kwa 7 hutoa 10. Ya mraba, 6 kwa 6, kama yangu, hutoa 12. Ya 6 kwa 4.5 hutoa 15 au 16. Rafiki yangu mwenye studio mjini alitaka kuniazima yake ya 6 kwa 7 kwa picha ya Darasa la Saba.

"Mwalimu, hii inalingana na karatasi ya inchi 8 kwa 10. Hutakata kitu."

Nilikataa. Filamu ilikuwa ghali, na 12 ni zaidi ya 10.

Wakati wa kusafisha aliniuliza: aache ukingo mweupe, au ajaze karatasi? Fremu zote ofisini zilikuwa za kusimama, nami napenda mambo yalingane. Nikasema ajaze. Basi mraba ule ukapoteza sehemu moja ya tano ya upana wake. Kulia wakakatwa watoto wawili. Kushoto, mlinzi wetu, ambaye mimi mwenyewe nilikuwa nimemwita asimame nasi.

Aliitazama ukutani. "Imetoka vizuri, Mwalimu," akasema, akaenda kufunga madirisha.

Miaka mingi baada ya kufariki kwake, binti yake alibisha hodi kwangu. "Shikamoo, Mwalimu. Nyumbani hatuna hata picha moja ya baba."

Nikakumbuka negativu. Mkasi wangu haukuwa umeigusa. Kijana mmoja mjini aliisafisha yote, mraba kamili, na ukingo mweupe juu na chini. Mzee alikuwepo pale pembeni, amevaa koti, ameshika kengele ya shule.

Zamani, mtu akiniuliza ukubwa upi wa filamu ni bora, nilimtajia hesabu ya picha. Siku hizi namuuliza kwanza karatasi yake ina umbo gani, na pembeni amesimama nani.