Kazi ya Kuvifanya Vitu vya Kale Viseme

Mimi ni msanifu wa maonyesho ya makumbusho. Nilizaliwa Kikole, Wilaya ya Kilwa. Nikirudi kijijini watu huniuliza, "Kazi yako hasa ni ipi?" Leo nitaieleza. Huenda katika kijiji chako yupo kijana anayeweza kuifanya.

Makumbusho ni nyumba ya kutunza na kuonyesha vitu vya watu. Makumbusho ya Taifa ya Dar es Salaam yalianzishwa mwaka 1934, yakafunguliwa mwaka 1940. Katika kazi za makumbusho wapo wanaochimba vitu ardhini. Wapo wanaovisafisha na kuvitunza. Mimi huja baada ya hao. Kazi yangu ni kuvipanga vitu ili anayeingia avione vizuri, avielewe, na atoke na jambo la kufikiri.

Nilianza na useremala. Baba yangu alikuwa seremala, nami nilishika randa na msumeno tangu utoto. Kikole kuna miti mizuri. Mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi ilipata cheti cha kimataifa cha utunzaji bora, na mpingo wake unajulikana. Kwa hiyo nilijua mti upi hupinda na upi haupindi. Nilijua upi huliwa na mchwa. Ujuzi huo ulinipatia kazi ya kwanza mjini: kutengeneza makabati ya vioo ya makumbusho.

Huko niliona kwamba kabati peke yake halitoshi. Nikajifunza kupima chumba na kukichora. Kabati likiwa juu sana, mtoto haoni. Likiwa chini sana, mtu mzima huinama mpaka achoke. Nikajifunza habari za mwanga. Jua hupausha nguo na kukausha ngozi. Nikajifunza habari za hewa. Hewa ya pwani ina chumvi na unyevu, na chuma hushika kutu upesi. Siku hizi, kabla sijakata ubao hata mmoja, hutengeneza chumba kidogo cha karatasi ngumu. Humo naona mapema mahali ambapo watu watasongamana.

Lakini sehemu iliyo ngumu kuliko zote ni maneno. Kila kitu huwekewa kibao cha maelezo. Kibao ni kidogo, na msomaji amesimama. Maneno yakiwa mengi, hasomi. Yakiwa magumu, anaona haya na kupita.

Mama yangu alijifunza kusoma katika madarasa ya watu wazima. Mwaka 1970 ulikuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na madarasa yaliendelea kwa miaka mingi. Yeye ndiye alikuwa kipimo changu. Kila kibao nilichoandika nilimpa asome kwa sauti. Alipokwama, nilibadili neno. Hakuwahi kuniambia neno ni zuri au baya. Alisoma tu, nami nilisikiliza.

Mwaka mmoja tulikuwa tunatayarisha maonyesho ya vyombo vya nyumbani vya kusini. Bibi mmoja wa kwetu alikuwa na kinu cha zamani cha mninga, kimechongwa vizuri sana. Nilikwenda kumwomba. Nilimwonyesha kibao kilichokwisha kuandikwa na wakubwa wa kazi: "Kinu. Mti. Pwani ya Kusini."

Akaniuliza, "Mwanangu, kinu hiki kilijichonga chenyewe?"

Nikamjibu, "Hapana, bibi."

"Basi aliyekichonga yuko wapi hapo? Baba yangu alikichonga, nikaolewa nacho. Bila jina lake, kinu hakitoki."

Nilirudi mjini na ujumbe huo. Niliambiwa kwamba kibao hakina nafasi, na kwamba majina ya wanakijiji hayawahusu wageni. Siku za kufungua maonyesho zilikuwa zimekaribia. Wengine walisema tutafute kinu kingine. Mimi nilisema kinu kingine nacho kina mtu wake. Nikakaa usiku ule nikaandika kibao upya, kwa ukubwa uleule. Niliondoa neno "mti", maana kila mtu anaona kuwa ni mti. Nikaandika jina la mchongaji, kijiji chake, na kwamba alimpa binti yake siku ya harusi. Maneno yalitosha na nafasi ikabaki. Kilikubaliwa. Jina lenyewe silitaji hapa, kwa sababu ruhusa ya familia ilikuwa ya makumbusho, si ya gazeti.

Maonyesho yalipofunguliwa, watu walisimama penye kinu kile kuliko penye vitu vya shaba. Walisoma jina, kisha wakaanza kutaja wazee wao.

Jambo hili si dogo. Tazameni Tendaguru, mkoani kwetu Lindi. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimbisha huko mifupa ya wanyama wakubwa wa kale. Mamia ya wananchi walichimba na kuibeba mpaka bandari ya Lindi, zaidi ya tani 200. Mnyama mmoja, mwenye kimo cha zaidi ya meta 13, alisimamishwa Berlin mwaka 1937. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Ni mwaka 2007 tu mnyama mmoja wa Tendaguru alipopewa jina la kitaalamu la kumkumbuka: Australodocus bohetii. Mifupa ile haikufika bandarini yenyewe. Vichwa vya watu ndivyo vilivyoibeba.

Kijana anayeitaka kazi hii aanze na ufundi mmoja: useremala, uchoraji au umeme. Kisha ajifunze kuchora kwa vipimo, kwa kalamu na kwa kompyuta. Asome historia. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha elimu ya mambo ya kale tangu mwaka 1985. Atembelee Kilwa Kisiwani, mahali palipowekwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Ajue pia kwamba kazi hii haipatikani kila mwezi. Mimi, kati ya maonyesho na maonyesho, hutengeneza milango na vitanda.

Na vijiji je? Msiuze sarafu na shanga za kale kwa wapita njia. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vya namna hiyo. Shule inaweza kutenga kona moja ya darasa kwa vyombo vya wazee. Kwa kila chombo, andikeni mambo manne: kinaitwaje, nani alikitengeneza, kwa kazi gani, na nani alikitumia. Andikeni sasa, maana wanaoyajua majina hayo ni wazee, nao wangali hai.