PETROLI AU DIZELI: KESI YA PIKAPU YETU

Na Mwanachama, Kidato cha Nne

Ndugu msomaji, kabla sijafungua kesi hii naomba radhi kwa walimu wetu wa Kiswahili. Najua fika kwamba sarufi inatutaka tuseme "Madaraja Mawili". Lakini soko letu la mjini Kisii linaitwa Daraja Mbili, na ukimwambia manamba akushushe Madaraja Mawili atakukodolea macho kana kwamba umeanguka kutoka mwezini. Kwa hivyo leo nitafuata watu, nayo sarufi itanisamehe.

Mama yangu huuza ndizi za jumla katika soko hilo. Nyumbani kwetu ni upande wa Nyamira, ambako ukimaliza kilima kimoja unapokelewa na kingine. Siku ya soko ndizi hupakiwa usiku ili zifike Daraja Mbili kabla hakujapambazuka, maana wenye malori ya kwenda Nairobi na Nakuru hawangojei mtu. Anayechelewa hukuta lori limejaa. Na ndizi haina subira: leo ni mbichi, kesho imeiva, keshokutwa ni chakula cha ng'ombe. Basi mwenzangu, unaponisikia nikisema "pikapu", usidhani nazungumzia anasa. Pikapu kwetu ndiyo karo yangu, ndiyo unga, ndiyo dawa ya nyanya.

Pikapu yetu ya kwanza ilikuwa Toyota Hilux ya petroli, yenye umri mkubwa kuliko wangu. Baba aliipenda kama mboni ya jicho lake. Na haki ya Mungu, ilikuwa na sifa zake. Asubuhi ya baridi, ufunguo ulizungushwa mara moja tu, ikaitikia. Haikuwa na kelele. Ikisumbua njiani, Baba alishuka, akafungua plagi, akazipangusa kwa kitambaa, akapuliza kabureta, tukaondoka. Spea zake hazikuwa ghali, na kila fundi wa jua kali kuanzia Keroka hadi Kisii aliijua kama kiganja chake.

Ila ilikuwa na ugonjwa mmoja: mlima. Ukiipakia mikungu 40, yaani tani moja hivi, ilipanda kwa gia ya kwanza huku ikilia kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Baba alikanyaga mafuta mpaka chini, na mshale wa tangi ukawa unashuka tukiutazama.

Mwaka 2023 mambo yaliharibika. Kama ujuavyo, kila tarehe 14 ya mwezi ile mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli, EPRA, hutangaza bei mpya. Mwezi wa Oktoba mwaka huo petroli ilifika zaidi ya shilingi 217 kwa lita kule Nairobi, nayo dizeli ikapita shilingi 205. Nilipofika nyumbani likizo ya Novemba nilikuta kesi imeshaanza.

"Hii gari yako inakunywa kama mlevi wa mwisho wa mwezi," baba mdogo alimwambia Baba. "Uza, ununue dizeli. Hebu niambie, malori yote yanayokuja Daraja Mbili, ushawahi kuona hata moja ya petroli?"

"Lori ni lori," Baba akajibu. "Dizeli ikikuharibikia, ndugu yangu, utauza ng'ombe. Hii yangu ikizima naipangusa plagi, naenda zangu."

"Na siku ngapi unaipangusa?"

"Hata kama!"

Mama alikuwa kimya akimenya viazi. Kisha alifuta mikono, akaingia chumbani, akatoka na daftari la hesabu. "Nyinyi mnashindana kwa mdomo," alisema. "Mimi niko na kitabu."

Lo! Kumbe mama yangu, ambaye hakumaliza darasa la nane, alikuwa ameandika kila lita kwa miezi mitatu. Safari ya kwenda soko na kurudi, kilomita 60 hivi, ilikuwa inameza lita 9 za petroli. Kisha alikuwa amemwuliza jirani mwenye pikapu ya dizeli, anayebeba mzigo kama wetu kwa barabara ile ile. Huyo alitumia lita 6. Nikachukua kalamu, nikapiga hesabu kwa bei zile za Oktoba. Lita 9 za petroli zilikuwa shilingi 1,953. Lita 6 za dizeli zilikuwa shilingi 1,230. Tofauti ni shilingi 723 kwa safari moja, na Mama huenda soko mara tatu kwa wiki. Zaidi ya shilingi 2,100 zilikuwa zinatoka moshi kila wiki!

"Baba watoto," Mama akasema polepole, "mimi sichukii gari lako. Lakini hiyo ni karo."

Baba alikubali shingo upande. Hilux ikauzwa, mkopo wa sacco ukaongezwa juu, na mapema mwaka 2024 tukapata Isuzu ya dizeli, mkono wa pili. Isuzu ni gari ambalo limeunganishwa papo hapo Nairobi kwa miaka mingi, katika kiwanda kilichoitwa General Motors East Africa hadi mwaka 2017, kilipogeuzwa jina kuwa Isuzu East Africa. Ndiyo maana spea zake nazo hazitafutwi kwa tochi.

Siku ya kwanza tulipopanda kilima na mikungu 40 nilidhani tumesahau mzigo nyumbani. Gari lilinguruma tu, "tu-tu-tu-tu", gia ya pili, bila haraka wala jasho. Hata Baba alitabasamu, ingawa alijifanya anakohoa. Kwa miezi kadhaa tuliishi vizuri. Mama alianza hata kuzungumza juu ya mabati mapya.

Wahenga walisema, mchuma janga hula na wa kwao.

Siku moja katika muhula wa pili, Baba alikutana na mtu kando ya barabara mwenye mitungi ya dizeli. Bei ilikuwa chini kwa shilingi 30 kila lita. Baba hakuuliza ilikotoka, ingawa kila mtu anajua dizeli ya mtungi wa kando ya njia mara nyingi imenyonywa kutoka tangi la lori la mwenyewe. Alinunua mtungi mmoja wa lita 20. Akaokoa shilingi 600. Akafurahi.

Alfajiri iliyofuata gari lilianza kukohoa kilimani. Likatoa moshi mweupe, likatetemeka, likazima. Ndizi zikalala barabarani hadi jua la saa tano, na lori la Nairobi likaenda bila sisi. Fundi alipofungua chujio, alimwaga kwenye chupa kitu kilichojigawa mara mbili: dizeli juu, maji na tope chini. Pampu ilikuwa imeumia, na nozo zote nne pia. Gharama ilikuwa shilingi 42,000.

Msomaji, hapo ndipo kesi iliponifikia mimi. Karo haikulipwa, nikarudishwa nyumbani. Wenzangu walikuwa wakisoma riwaya na ushairi, mimi niko kwenye gereji ya jua kali karibu na soko, namletea fundi spana. Nilikaa majuma mawili. Nilimchukia yule mtu wa mitungi, nikaichukia dizeli, na kusema kweli kuna siku nilimchukia Baba pia.

Yule fundi ni mzee mpole. Aliponiona nimenuna aliniuliza, "Binti, umeshawahi kujaza baiskeli upepo?"

"Ndiyo, mzee."

"Ukipiga pampu haraka haraka, ile sehemu ya chini huwa namna gani?"

"Huwa moto."

"Basi umeshaijua dizeli."

Akanieleza kinaganaga. Katika injini ya petroli, hewa na mafuta huchanganywa, hubanwa hadi kama sehemu moja ya tisa au ya kumi ya nafasi yake, kisha plagi hutoa cheche kuwasha. Katika injini ya dizeli hakuna cheche. Hewa peke yake hubanwa zaidi sana, hadi sehemu moja ya 16 au hata ya 22, ikawa moto kupita nyuzi 500 za Selsiasi. Ndipo nozo inapopuliza dizeli kama ukungu, nayo inajiwasha yenyewe. Kwa sababu ya kubanwa huko, injini hutoa faida kubwa zaidi kwa kila tone, na huvuta kwa nguvu hata ikizunguka polepole. Isitoshe, lita moja ya dizeli ina nishati nyingi kidogo kuliko lita ya petroli. Niliporudi shuleni nilisoma kwamba aliyeibuni ni Mjerumani Rudolf Diesel, ambaye injini yake ilifaulu mwaka 1897. Katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 injini ya aina hiyo iliendeshwa kwa mafuta ya njugu karanga. Lakini hayo nilisomea kitini. Ya fundi niliyaona kwa macho.

"Sasa tazama hii," alisema, akanionyesha vyuma vya ndani ya pampu. "Nafasi iliyo kati yao ni ndogo kuliko unene wa unywele wako. Na kinachovilainisha ni dizeli yenyewe inayopita. Ukiipa maji, vyuma vinasuguana vikavu. Petroli ikiingia maji, gari litakatakata, utamwaga, utakausha, utaondoka. Dizeli haisamehi."

Aliniambia pia kwamba zamani adui alikuwa mafuta ya taa. Yalikuwa nafuu, basi wajanja wakayachanganya na dizeli, hadi serikali ilipoweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili faida hiyo iishe. "Lakini tamaa," alisema, "haijawekewa ushuru."

Jioni hiyo nilipiga hesabu nyingine katika daftari la Mama. Shilingi 42,000 ukizigawa kwa 2,100 ni wiki 20. Yaani akiba yote ya miezi mitano, ile iliyotufanya tununue dizeli, ilimezwa na mtungi mmoja uliotuokolea shilingi 600. Nilimwonyesha Baba. Alilitazama daftari kwa muda mrefu. Hakusema kitu. Kisha akaniambia, "Mwanangu, nimekosa." Sikuwahi kumsikia Baba akisema neno hilo, na chuki yangu yote iliyeyuka.

Ndugu msomaji, nimeelewa hivi: petroli hukutoza papo hapo, dizeli hukukopesha. Ile 723 ya kila safari si faida yako yote. Sehemu yake ni deni la pampu, nozo, chujio na mafuta ya injini, ambalo litadaiwa siku moja bila kubisha hodi. Anayekula akiba yote kisha akalia kwamba dizeli ni ghali kuitengeneza, huyo amekula cha mwenye duka akashangaa kudaiwa.

Siku hizi Mama ana kopo la maziwa ya unga juu ya kabati, limeandikwa PAMPU kwa mwandiko wangu. Kila safari shilingi 300 huingia humo kabla ya jambo lingine lolote. Haba na haba hujaza kibaba. Chujio hubadilishwa kwa wakati, na mafuta hununuliwa kituoni, risiti ikaletwa nyumbani. Risiti hizo huzihakiki nyanya mwenyewe, ingawa hajui kusoma.

Je, nani ameshinda kesi? Kama unabeba mzigo mwepesi, mwendo mfupi, na gari hulala zaidi ya linavyotembea, nunua petroli usisikie la mtu. Akiba ya mafuta haitafika hata bei ya nozo moja. Ndiyo maana Probox nyingi tunazoziona zikibeba watu mjini Kisii ni za petroli. Lakini kama una tani mgongoni, mlima mbele na safari kila wiki, dizeli ndiyo yako, mradi uwe na kopo.

Nisifiche neno moja. Moshi wa dizeli si mchezo. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliutangaza kuwa husababisha saratani kwa binadamu. Nchi zetu za Afrika Mashariki zilianza kudai dizeli yenye salfa kidogo mwezi wa Januari 2015, hatua njema, lakini haitoshi ikiwa gari halitunzwi. Akina mama wa Daraja Mbili huketi chini, sawa na mdomo wa ekzosi. Kwa hivyo pikapu yetu ikishafika huzimwa mara moja. Hilo nililiomba mimi, na Baba alikubali bila shingo upande.

Bado kuna asubuhi za baridi ambapo Isuzu hukataa hadi hita zipate moto, naye Baba hunong'ona, "Hilux yangu ingekuwa imefika Keroka." Mama hamjibu. Hulitikisa tu lile kopo, likalia.