Mtoto Akipunguza Kucheza, Usisubiri Kukuche

Mimi ni mkulima wa zabibu, Hombolo, mkoani Dodoma. Natoa ushuhuda huu kwa ajili ya kila mjamzito anayeambiwa kwamba mtoto akikaribia kuzaliwa hutulia.

Nami niliambiwa hivyo. Mimba yangu ya kwanza ilipoingia mwezi wa tisa, mtoto alipunguza kucheza, kisha akanyamaza kabisa. Wazee wa nyumbani, kwa upendo wao wote, walisema anakusanya nguvu. Mama mkwe akanipikia uji, tukasubiri uchungu. Uchungu ulikuja, mtoto akatoka ameshafariki. Alikuwa wa kiume, ametimia kila kitu, nywele nyingi, kucha zimekamilika.

Katika mimba ya pili, mkunga wa kliniki aliniuliza, "Mama, huyu wako huwa anacheza saa ngapi?" Hapo ndipo somo lilipoanza. Alinieleza kwamba kufikia wiki ya 28 mtoto huwa na kawaida yake: mwingine hucheza usiku, mwingine mama akishakula. Hakuna idadi moja ya mateke kwa watoto wote. Kila mama ajue kawaida ya wake. Siku za mwisho mateke yanaweza kugeuka misukumo na kujigeuzageuza, lakini mtoto mzima haachi kucheza. Akipungua, huenda kondo la nyuma halimfikishii hewa ya kutosha, naye anabana nguvu alizobakiwa nazo.

Wangu alikuwa wa usiku. Nikilalia ubavu wa kushoto tu, ananisukuma chini ya mbavu. Usiku mmoja wa msimu wa mavuno nilijilaza, nikatulia, nikaweka mkono tumboni. Akagusa kidogo, basi. Nikamwamsha mume wangu: "Baba, mtoto hachezi kama kawaida yake."

Mama mkwe alisikia, akajifunga khanga. "Mwanangu, inuka twende. Safari hii hatusubiri kukuche."

Tulipiga 115, namba ya bure ya m-mama, mpango wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga. Gari likaja. Hospitalini walisikiliza mapigo ya moyo wa mtoto, wakakuta yanashuka, wakaniingiza chumba cha upasuaji. Binti yangu alizaliwa hai.

Leo mama mkwe akikutana na mjamzito bombani, salamu zikiisha humuuliza, "Mjukuu wangu amecheza leo?" Kijijini kwetu swali hilo sasa limezoeleka.

Duniani, karibu watoto milioni 2 huzaliwa wafu kila mwaka, na wengi wangeweza kuokolewa. Mama mwenzangu, mtoto akipunguza kucheza, usinywe soda ukangoja aamke. Usiseme juzi tu nilipimwa. Nenda kituo cha afya saa hiyo hiyo, hata usiku, na akipungua tena, rudi tena. Nawe baba, nawe mkwe, mama akisema mtoto hachezi, mwamini na umpeleke.